Mke Wangu na Visigino vya Suad

Ukipita barabara ya msikiti pale Kitale, utaona kibanda cha mabati ya buluu, viatu vimening'inizwa mbele yake kwa kamba zao kama mashada ya vitunguu. Hapo ndipo tunapofanyia kazi. Mimi hushona viatu. Mke wangu, Nyaruai, hutengeneza kile ambacho mtu hakioni tena akishavaa kiatu, yaani soli ya ndani, ile inayokaa kati ya unyayo na kiatu chenyewe. Wateja hunisalimu mimi kwa sababu ndimi niliyeketi mbele, halafu wanauliza, "Mama Nyambu yuko?" Nami huwaonyesha kwa kidole. Mimi si mtu wa maneno mengi, na yeye anasema ya kututosha sote wawili.

Nimeona nimwandike angali hai. Watu wengi huandikwa wakishazikwa, na hapo mambo mengi yanasemwa ambayo mwenyewe hawezi kuyasahihisha. Nyaruai akisoma haya atasahihisha, najua.

Alizaliwa Saboti, chini ya Mlima Elgon. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri kutafuta shamba. Mama yake, marehemu Wakiuru, alisuka viondo, vile vikapu vya duara. Mvua ikinyesha hata shamba haliingiliki, alikaa mlangoni akisokota nyuzi za katani juu ya paja lake, na paja lenyewe lilikuwa limekauka na kung'aa kama ngozi ya ngoma. Wasusi wengi huanza kiondo na kuendelea. Wakiuru alisuka kitako kwanza, akakiweka chini, akamwita binti yake asimame juu yake bila viatu. Nyaruai akisimama, mama aliinama kuangalia nyuzi. Zikiachana hata kidogo chini ya kisigino cha mtoto, alisema neno moja tu: "Fumua."

"Nilikuwa mzani wa mama," Nyaruai huniambia. "Viondo vya wengine vilipimwa kwa viazi. Vya mama nilivipima mimi."

Kwa hivyo alijua kwa nyayo zake, tangu hajaota meno ya pili, tofauti ya kitu kinachokubeba na kitu kinachokudanganya.

Tulipooana alikuja na viondo vyake kibandani kwangu, akawa anasuka huku mimi ninashona. Kisha mifuko ya plastiki ikafukuza viondo, na mifuko hiyo nayo ilipofukuzwa, watu wakazoea ile mingine ya kitambaa. Mikono yake ikabaki bila kazi, na mikono ya Nyaruai ikikosa kazi huingilia ya mwenziwe. Siku moja alichukua kiatu cha askari wa benki nilichokuwa nakitia soli mpya, akaingiza vidole, akavuta kile kipande cha ndani, akakiinua kwenye mwanga.

"Baba Nyambu, hii ni karatasi."

"Ndio."

"Mtu mzima anasimama mchana kutwa juu ya katoni ya biskuti?"

"Wote ni hivyo."

"Na wewe unaona na unanyamaza."

Hapo ndipo jambo hili lilianza.

Za kwanza alizitengeneza kwa sponji ya godoro, kama wengi wafanyavyo. Watu walizipenda siku ya kwanza. Askari yule alisema anahisi anatembea juu ya ugali. Baada ya muda mfupi sponji ilikuwa imelala upande mmoja, na mguu umelala nayo. Nyaruai alizikusanya zote akazitupa. "Laini ni ya kulalia," alisema. "Haikusimamishi."

Akarudi kwa katani. Alisuka kitako kidogo cha duara, kama cha kiondo cha mtoto, kikiwa na shimo dogo katikati mfano wa kiota, ili mfupa wa kisigino ukae humo bila kugonga chini. Hilo ni tabaka la chini. Kutoka hapo nyuzi zinaendelea mbele kufuata umbo la unyayo, na pale unyayo unapoinuka ndani aliweka mkunjo wa katani iliyosokotwa, kama tuta la viazi, ili uwe na kitu cha kuegemea. Tabaka la pili ni maganda ya mahindi, yale mororo ya ndani kabisa, ambayo yanalowekwa, yanasukwa kama nywele na kupondwa kwa nyundo hadi yawe kama kitambaa kizito. Trans-Nzoia haikosi maganda ya mahindi. Juu kabisa panakuja pamba ya kunywa jasho. Mimi nayashona matabaka yote pamoja kwa msharasi wangu, ile sindano nene ya viatu, na nikimaliza Nyaruai anakunja soli kama chapati kuona kama itarudi. Isiporudi, mimi pia naambiwa, "Fumua."

Chapati zinanifikisha kwa Suad.

Suad anapika chapati katika hoteli iliyo mkabala na kibanda chetu. Wanaoswali wakitoka, wanakuta ameshapanga rundo la chapati la kufika kifuani. Amesimama mbele ya jiko lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Yeye na mke wangu walitaniana kuvuka barabara miaka mingi kabla ya kuwa marafiki. Nyaruai anamwita Mama Chapo, naye anamwita mke wangu Kiondo.

Mwaka jana, baada ya mvua ndefu, Suad alianza kutembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Asubuhi akitoka kitandani alishika ukuta. Alikwenda hospitali, wakamweleza vizuri kwamba ule mshipa mpana chini ya unyayo umevutika na kuvimba pale unaposhikana na kisigino, na mguu wa kushoto ndio mbaya zaidi. Wakamwonyesha jinsi ya kunyoosha miguu, wakamwambia apunguze kusimama na avae kitu kinachoshikilia unyayo. Kunyoosha alinyoosha. Lile la kusimama ndilo lililomleta kwetu.

Aliketi juu ya kigoda cha wateja, akavua raba zake, akasema, "Kiondo, nimekuja. Usinicheke."

"Nicheke nini? Leta mguu."

"Daktari anasema nipunguze kusimama. Nitapika chapati nimelala?"

Nyaruai aliushika ule mguu kama mtu anayechagua parachichi, akabonyeza hapa na pale mpaka Suad akaruka. Kisha akasema anataka alama ya unyayo, na kwa kuwa Suad alikuwa na beseni la unga uliokandwa pale ng'ambo, mke wangu akaona njia rahisi.

"Kanyaga donge moja la unga. Nipate umbo lote."

Suad alirudisha mguu ndani ya raba. "Nikanyage riziki? Kwa mguu? Wewe Kiondo uko na akili?"

"Si utalitupa baadaye."

"Na kutupa pia! Astaghfirullah. Unaona vile anataka nifanye, Baba Nyambu?"

Nilisema udongo wa Saboti unashika alama vizuri kuliko unga. Wote wawili walinitazama kwa sababu nilikuwa nimesema, na wakakubali. Nyaruai alileta udongo mwekundu kutoka kwa ndugu yake wa kule, Suad akaukanyaga, na umbo la nyayo zake likakauka juani nyuma ya kibanda. Bado tunalo.

Wakati mke wangu anasuka ndipo Suad alituambia jambo lililokuwa likimsumbua kuliko maumivu yenyewe. Dada yake, aliyeolewa na Daud huko Bungoma, alifariki akiacha binti mmoja, Sharifo. Katika ugonjwa wake alimshika Suad mkono akamwambia, "Siku Sharifo anaolewa, pilau uipike wewe. Asile ya mkono wa kukodi." Suad aliahidi. Sasa Sharifo alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa baada ya mavuno.

"Si utapika tu," Nyaruai alisema.

"Hujui pilau ya harusi. Sufuria ni kubwa unaweza kuoga ndani. Inapikwa kwa kuni, umesimama toka asubuhi. Na kwetu mkono unaokaanga vitunguu ndio unaopalia makaa juu ya kifuniko. Haikatwi katikati. Ukianza, umalize. Ukiona huwezi, usianze." Akafuta uso. "Daud ameshaniambia atamwita Zahid awe karibu. Ati nikiwa siwezi, nimwachie kabla ya vitunguu. Zahid ni mpishi mzuri. Lakini mimi sikuahidi kwamba Zahid atapika."

Nyaruai hakuinua kichwa. "Utasimama," alisema.

Alisema hivyo bila kuongeza "Mungu akipenda," jambo ambalo hata mimi liliniogopesha.

Zile soli alizitengeneza mara tatu, na mbili za kwanza alizifumua yeye mwenyewe, hakuna aliyezikataa. Za tatu Suad alizivaa ndani ya raba zake, akasimama jikoni siku nzima, jioni akavuka barabara akitembea kama mtu. Hakusema asante. Alileta chapati sita zimefungwa kwenye gazeti, akaziweka juu ya nyundo yangu, akaenda. Baadaye alipata na jozi ya malapa ya nyumbani yenye soli za namna hiyohiyo, lakini kwa kazi alivaa raba.

"Sikiza," Nyaruai alimwonya. "Zikilowa, zitoe ndani ya kiatu. Usizianike karibu na moto, maganda yatavunjika. Zitundike mahali penye upepo."

"Nimesikia."

"Rudia."

"Mbali na moto, penye upepo. Mimi ni mtoto?"

Tulienda Bungoma Ijumaa, kwa sababu Suad alisisitiza kwamba Kiondo lazima aweko. Nyumba ya Daud iko nje kidogo ya mji, ukielekea Mabanga, na shamba la mahindi nyuma yake. Tulikuta watu wamejaa, maturubai yamefungwa, wanawake wanachambua mchele juu ya ungo, na nyuma ya nyumba, karibu na ua wa miti, beberu mkubwa mwenye madoa amefungwa akingoja siku yake. Sharifo alikuwa ndani, mikono na miguu imepakwa hina, haruhusiwi kushika kitu. Zahid naye alikuwa amefika, mwanamume mnene mcheshi ambaye bado hajaoa, mwiko wake mrefu begani kama bunduki.

"Suad!" alisema. "Nasikia umekuja na fundi wa viatu. Mpishi anakuja na viungo, wewe unakuja na fundi."

"Nimekuja na vyote viwili. Kaa mbali na sufuria yangu."

"Mimi nimekaa. Nangoja tu kuona nani atakaa mwingine."

Suad alicheka, lakini nilimwona akijaribu mguu wa kushoto ardhini, polepole.

Jioni ile waliosha mchele. Maji yalimwagika, raba za Suad zikajaa. Yeye akafanya alivyofundishwa. Akatoa soli zake zote mbili, akazifuta, akaenda nazo mbali na moto, mahali penye upepo mzuri, akazitundika juu ya ua. Kisha akavaa malapa ya wenyeji yaliyokuwa mlangoni, akaingia kulala. Malapa yake mwenyewe alikuwa ameyaacha Kitale.

Asubuhi, wale waliotoka kuswali walikuwa bado wanasalimiana tuliposikia sauti yake nyuma ya nyumba.

"Kiondo! Mama Nyambu! Njoo uone!"

Tulikimbia. Beberu alikuwa amesimama akitafuna taratibu, macho nusu yamefumba, kama mzee anayeonja tumbaku. Uzi wa katani ulikuwa umening'inia mdomoni mwake, ukimfanya aonekane na ndevu mbili. Soli ya kulia ilikuwa bado juu ya ua. Ya kushoto haikuwapo. Ukifikiri vizuri, mbuzi hakukosea. Kwake yale yalikuwa maganda ya mahindi yenye chumvi.

Zahid alicheka hata akashika mwiko kwa mikono miwili asianguke. "Mlisema iko na matabaka mangapi? Sasa limeongezeka tabaka la nyama!"

"Nilisema upepo," Nyaruai alimwambia Suad. "Sikusema mbuzi."

"Kwetu Kitale mjini kuna mbuzi? Ungenifundisha na ya mbuzi!"

Lakini utani uliishia hapo. Alikuwa amesimama na yale malapa membamba ya kuazima, na kisigino cha kushoto hakikugusa chini.

Daud alikuja akiwa na wasiwasi wa mwenye shughuli. Ni mtu mpole. "Shemeji," alimwambia Suad, "vitunguu vimekatwa. Maji yako motoni. Watu watakula baada ya adhuhuri. Niambie tu. Si aibu. Zahid aanze?"

Suad aliutazama ua. Sharifo alikuwa amefika mlangoni, mikono yake yenye hina ameinyoosha mbele isiguse kitu. "Mama mdogo," alisema, "keti upumzike. Hata Zahid akipika, mimi nitakula."

"Mama yako hakunambia ule," Suad alijibu. "Alinambia nipike." Kisha akavuta pumzi, akamgeukia Daud. "Haya. Mwache Zahid aanze. Kuanza nikashindwa katikati ni vibaya zaidi."

"Nani aanze?" Nyaruai alisema. Alikuwa ameshachukua soli ya kulia na anaigeuzageuza. "Mbuzi amekula soli. Hajala mikono yangu. Vitunguu vingoje."

"Vitunguu vitangoja," Daud alisema. "Watu hawangoji."

"Kwani nimesema wewe usichinje? Endeleeni. Nyama ikiwa tayari, soli itakuwa tayari. Zahid, menya vitunguu saumu."

"Mimi ni mpishi, mama. Simenyi."

"Leo hujapika kitu bado. Kwa hivyo wewe bado si mpishi. Menya."

Wanawake walicheka sana, na Zahid akaketi akamenya. Hilo lilinifurahisha, lakini nilijua tulichokosa. Maganda hayakuwa shida. Jirani wa Daud, mama mmoja aitwaye Wakhungu, aliyasukuma mengi kupitia ua huku akisema, "Chukua yote bana, ng'ombe atakura nyasi leo." Shida ilikuwa katani. Magunia yote pale yalikuwa ya plastiki, na kamba za maturubai zilikuwa za nailoni, ambazo zinateleza na hazishikani. Nyaruai alizunguka nyumba nzima akigusa kila kitu kilichofungwa.

Alirudi nyuma ya nyumba wakati mbuzi ameshachinjwa na anachunwa. Kamba yake ilikuwa imelala kwenye nyasi. Nilimwona Nyaruai anasimama. Akainama, akaifungua ncha kwa kucha, akainusa, akaniangalia. Ilikuwa katani tupu, ya kusokotwa kwa mkono, ya zamani, imevutwa na mbuzi wengi kabla ya huyu.

"Daud, naomba hii."

"Kamba ya mbuzi?"

"Amekula yangu. Nachukua yake."

Tuliichemsha kwa maji na sabuni mara mbili hadi maji yakatoka safi. Kisha Nyaruai alikwenda upande wa wanawake nyuma ya jiko, akapandisha sketi yake ya harusi, akaifumua kamba na kuanza kusokota upya juu ya paja. Wanawake walisogea kumtazama. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta, nikisikia ule mwendo wa kiganja juu ya ngozi, shwa, shwa, kama ninavyousikia nyumbani. Aliponiita, kitako cha duara kilikuwa tayari kwenye kiganja chake, na kile kiota katikati.

"Suad, njoo. Vua hayo malapa. Simama."

Suad akasimama juu yake, uzito wote. Nyaruai akainama, shavu karibu liguse ardhi. Nami nikainama. Nyuzi zilikuwa zimeachana kidogo, upande wa ndani. Mtu mwingine asingeona.

Harufu ya nyama mbichi ilikuwa imetufikia. Daud alikuwa amekuja mara mbili kusimama mahali tunapoweza kumwona. Zahid alikuwa amemaliza saumu na anasafisha mwiko wake. Nilifikiri, acha ipite, ni siku moja tu, nani atajua? Nilikuwa karibu kusema.

"Fumua," Nyaruai alisema, kama anamwambia mtu mwingine, na akafumua.

Wanawake waliguna. Suad alifunika mdomo kwa mkono. "Kiondo, jua linapanda."

"Acha lipande. Likifika juu litangoja huko. Lete maji."

Mara ya pili alizilowesha nyuzi na kuzivuta kwa meno, akaukaza kila mzunguko hata nikaona mishipa ya shingo yake. Suad akasimama tena. Tukainama tena. Hakuna uzi uliosogea. Nyaruai alipiga kitako kile kofi, kama mtu anayepongeza ng'ombe, akaweka tuta la unyayo, akaweka maganda yaliyosukwa na kupondwa kwa jiwe la kusagia viungo, ambalo nalo liliombwa kwa maneno mengi.

Ikabaki pamba ya juu. Kila mtu alikuwa amevaa nguo yake ya harusi, na matambara ya jikoni yalikuwa na mafuta. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu. Mfuko wake wa ndani ni wa pamba nzito, sijui kwa nini walioshona koti lile waliweka kitu kizuri mahali pasipoonekana. Niliugeuza nje, nikaukata, nikauweka juu ya soli, nikatoa msharasi ninaotembea nao kila mahali, nikashona. Nyaruai aliona nilichokata. Alinitazama tu, na mimi nikaendelea kushona, maana nilihisi masikio yangu yanapata moto.

Aliikunja soli. Ikarudi.

Suad aliiingiza ndani ya raba ya kushoto, akafunga kamba, akakanyaga chini mara moja, halafu tena kwa nguvu. Tulimtazama usoni. Alitembea moja kwa moja hadi pale Zahid alipokuwa amesimama, akauchukua mwiko kutoka begani kwake, akamimina mafuta, akatupa vitunguu ndani. Vilipolia kwenye mafuta, wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ametoka.

Sasa hapakuwa na kurudi nyuma.

Mtu mwenye maumivu ya kisigino unamjua. Huinua mguu kidogo kila baada ya muda na kuupumzisha juu ya mwingine, bila yeye kujua. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, na watu walidhani ninaangalia sufuria. Nilikuwa naangalia raba. Vitunguu vilipata rangi, raba zikabaki chini. Nyama ikaingia, bizari, viazi, supu. Suad aligeuza mwiko kwa mikono miwili, mgongo wake ukiinama na kunyooka, na miguu yake ikakaa pale chini kama miguu ya meza nzuri. Mchele ulipoingia Zahid alisogea karibu, na safari hii hakutania.

"Umechoka?" alimuuliza. "Nikushikie kidogo?"

"Nenda ukamenye kitu."

Alifunika sufuria, akachota makaa kwa koleo, akayapalia juu ya kifuniko mwenyewe, kaa moja moja, akayasawazisha. Daud alisimama akitazama makaa yale, akatoa kofia yake, akaivaa tena. Sharifo, mlangoni, alilia kidogo, na kwa sababu hina ilimzuia kujifuta, mama Wakhungu alimfuta kwa ncha ya kitambaa chake.

Watu walikula. Sijui nieleze vipi pilau ile, mimi si mtu wa kusifu chakula. Nitasema tu kwamba wazee walinyamaza, na wazee wa Bungoma hawanyamazi kirahisi.

Suad alitupakulia sahani yetu kwa mkono wake, akaileta akiwa bado wima. Ilijaa nyama. Nyaruai alichagua kipande, akatafuna muda mrefu, uso umekunjwa kama anapokagua kazi yangu.

"Inakosa nini?" Zahid aliuliza kutoka upande wa pili.

"Inahitaji tabaka moja zaidi," alisema, na Suad akampiga bega kwa kijiko.

"Kaa chini sasa, Mama Chapo," Nyaruai alimwambia. "Umemaliza. Umefunika, umepakua. Kaa."

Suad alivuta kiti, akakitazama, kisha akaegemea mgongo wa kiti tu bila kuketi. Alihamisha uzito kulia, akauhamisha kushoto, kulia tena, akawa anasikiliza miguu yake kama mtu anayejaribu kengele mbili.

"Kiondo," alisema, "ya kushoto ni nzuri kuliko ya kulia."

"Haiwezekani. Ya kulia niliifanya kwa wiki nzima."

"Mimi ndiye nimesimama juu yake. Ya kulia inabeba. Ya kushoto imetulia kabisa."

Nyaruai aliacha kutafuna. Aliinama chini ya meza, akabonyeza raba ya kushoto kwa kidole, kisha ya kulia. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nilikuwa nafikiri hilohilo. Ile katani ilikuwa imeshavutwa miaka na miaka. Haikubaki na kitu cha kulegea.

Aliinuka, akaniangalia. "Baba Nyambu. Kamba kuukuu."

"Nimesikia."

"Ya kulia pia nitaifanya hivyo."

"Basi," Suad alisema, akichukua sahani yetu kwenda kuongeza bila kuulizwa, "mtafuteni Zahid mke haraka. Tunahitaji mbuzi mwingine, na kamba yake."